Utupa wako una sumu, au una maua tu? Jinsi ya kuupima kabla ya kuupulizia

Mara ya kwanza nilipopulizia maharage yangu maji ya utupa, vidukari waliloa, wakajikung'uta, wakaendelea kufyonza. Nilikuwa nimefuata maelekezo yote: majani nimeyaanika kivulini, nimeyatwanga, nimeyaloweka usiku kucha, nimeyachuja. Jirani wa ng'ambo ya kijito alikuwa ametumia maelekezo hayohayo na shamba lake lilikuwa safi. Nikajilaumu kwamba labda nimekosea vipimo. Nikarudia, nikaongeza majani. Vidukari wakaongezeka pia.

Kosa halikuwa kwenye vipimo, lilikuwa kwenye kichaka chenyewe. Utupa wangu na utupa wa jirani ni mmea mmoja kwa jina, kwa majani na kwa maua, lakini ndani si kitu kimoja. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujua wa kwako ni upi, bila maabara, kwa chupa chache na fukusi wa kunde, kabla hujapoteza msimu kama mimi.

Kilichomo ndani

Utupa ninaouzungumzia ni Tephrosia vogelii, mmea wa jamii ya kunde na mbaazi. Jina la pili linamkumbuka Theodor Vogel, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyekwenda na msafara wa mto Niger mwaka 1841 na kufariki mwaka huohuo. Wazee wetu hawakumhitaji Vogel kuujua. Walitwanga majani, wakayatia kwenye vidimbwi vya mto, na samaki wakaelea. Ndiyo maana ukimtajia mtu mzima utupa, wa kwanza kumjia akilini ni samaki, na wadudu huja baadaye.

Kinachomlegeza samaki ndicho kinachomuua kidukari: kundi la kemikali ziitwazo rotenoidi. Katika majani ya utupa iliyo nyingi zaidi ni deguelini, ikifuatiwa na tefrosini, halafu rotenoni kidogo. Rotenoni ndiyo maarufu kuliko zote kwa sababu iliuzwa duniani kote kama dawa ya wadudu. Jina lake alilitoa mkemia wa Kijapani, Nagai, mwaka 1902. Deguelini na rotenoni ni kama ndugu wa tumbo moja: zote zina kaboni 23, haidrojeni 22 na oksijeni 6, ila zimefungwa kwa namna tofauti kidogo.

Kazi yake ni hii. Ndani ya kila chembe hai kuna mitokondria, ambako chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Rotenoidi huziba hatua ya kwanza kabisa ya mnyororo huo. Mdudu ana chakula tumboni na hewa mwilini, lakini nguvu haitoki. Anaacha kula, anazubaa, kisha anakufa baada ya saa kadhaa au siku mbili tatu. Usitegemee aanguke papo hapo kama aliyepigwa na dawa ya kopo. Wengi huikatia tamaa dawa hii asubuhi ya pili, kabla haijamaliza kazi.

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza utupa wa Malawi walitoa taarifa kwamba kuna aina mbili za kikemikali. Ya kwanza ina rotenoidi. Ya pili haina hata chembe. Badala yake ina flavanoni na jamaa zake, kemikali ambazo wadudu hawazijali. Katika sampuli zao za Malawi, karibu mmea mmoja kati ya minne ulikuwa wa aina hii ya pili. Mwaka 2019 utafiti mwingine, uliochukua majani Kenya, Tanzania na Malawi, ulikuta na aina ya tatu yenye mchanganyiko wa zote mbili, kana kwamba ni chotara. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mashine za kromatografia zinaweza, lakini mashine hizo haziko kijijini kwako wala kwangu. Ndiyo maana tutawauliza fukusi.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza ni utupa

Jina hili limegawiwa mimea mingi. Huko pwani wapo wanaouita mnyaa pia mtupa au utupa, ule mmea wa vijiti vya kijani usio na majani ya maana na wenye utomvu mweupe. Huo ni mmea mwingine kabisa, na utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Ukikata tawi na kuona maziwa, umepotea njia.

Utupa wetu ni kichaka cha kufika kiunoni hadi kumpita mtu kimo. Jani lake limeundwa na vijani vingi vilivyopangana jozi jozi, na kimoja mwishoni. Vijani na matawi machanga vina vinyweleo laini, ukivipapasa ni kama mahameli. Maua ni makubwa, yana umbo la ua la mbaazi, meupe au ya zambarau. Ganda la mbegu lina manyoya ya kahawia.

Kipimo ninachokipenda mimi: shika kijani kimoja kwa vidole vya mikono miwili, ukivute taratibu kutoka ncha hadi kikatike. Majani ya jamii ya utupa hukatika kwa umbo la V, kwa kufuata mishipa yake iliyolala mshazari. Majani mengi mengine huchanika ovyo. Watoto shambani wanaufurahia mchezo huu kuliko kupalilia.

Hatua ya 2: Kila kichaka na alama yake

Usichanganye majani ya vichaka vyote kwenye gunia moja. Ukichanganya, kichaka kibovu kitajificha nyuma ya kizuri na hutajua chochote. Chagua vichaka vitatu kwa kuanzia. Vifunge vipande vya vitambaa vya rangi tofauti, na kila mfuko wa majani ufungwe kitambaa cha rangi ileile.

Chuma majani yaliyokomaa yenye afya. Mashina yana kemikali kidogo, usihangaike nayo. Acha majani mengine mtini, wala usikate kichaka karibu na ardhi, kwa sababu utupa hauchipui vizuri ukikatwa hivyo na mara nyingi hufa.

Anika kivulini penye hewa. Hili la kivulini ni la lazima, maana rotenoidi huharibiwa na mwanga na hewa. Majani yakianikwa juani juu ya bati unaweza kubaki na unga wa kijani mzuri wa kutazama usio na nguvu. Yakishaanza kuvunjika mkononi kama karatasi, yatwange na kuyachekecha.

Ukitwanga, funga pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa kizito, vaa glavu, na simama upande unaotoka upepo ili vumbi liende mbali nawe. Vumbi hili likivutwa puani lina madhara kuliko watu wanavyodhani. Kinu na mchi utakaotumia visirudi jikoni. Mimi nina kinu kibovu cha kazi hii peke yake, kimekaa nyuma ya banda.

Ongeza kitu kimoja ambacho wengi hawakifikirii: anika na utwange pia majani ya mwembe kiasi hichohicho, kwa kifaa tofauti. Sababu yake utaiona sasa hivi.

Hatua ya 3: Jaribio la fukusi

Unahitaji:

- chupa 10 za plastiki au vioo zinazolingana, zilizooshwa na kukauka
- kilo 1 ya kunde safi ambazo hazijatiwa dawa yoyote
- fukusi wa kunde 200
- unga wa utupa kutoka vichaka vitatu, na unga wa majani ya mwembe
- vipande vya kitambaa chepesi na raba za kufungia
- karatasi na kalamu

Fukusi si shida kuwapata. Mwenye kunde za msimu uliopita anao wa kugawa. Shida ni umri. Fukusi mkubwa wa kunde huishi kama wiki moja hadi mbili tu, na ukikusanya wazee watakufa wenyewe, nawe utaisifu dawa bure. Kwa hiyo fanya hivi: chukua kunde zilizoshambuliwa, zipepete uondoe wadudu wote wakubwa, zifunike kwa kitambaa. Baada ya siku moja au mbili chungulia. Watakaokuwa wametoka kwenye matundu ni vijana. Hao ndio wa kutumia.

Weka gramu 100 za kunde katika kila chupa. Chupa mbili tia unga wa kichaka cha kwanza, gramu 2 kila moja. Mbili za kichaka cha pili. Mbili za cha tatu. Mbili tia unga wa mwembe. Mbili za mwisho usitie kitu. Kama huna mizani ndogo, tumia kijiko kilekile cha chai, kilichosawazishwa juu, kwa chupa zote. Usawa kati ya chupa ni muhimu kuliko gramu kamili. Tikisa kila chupa mpaka unga ushike kwenye kunde, kisha tia fukusi 20, funika kwa kitambaa na uandike jina.

Hapa tahadhari niliyoilipia: usifunike kwa kipande cha chandarua chenye dawa. Nilifanya hivyo jaribio langu la kwanza na asubuhi yake chupa zote, hata zile tupu, zilikuwa makaburi. Nilifurahi kwa dakika kama tano hivi.

Kwa nini mwembe? Kwa sababu vumbi lolote humsumbua mdudu. Humkwangua ngozi, humziba matundu ya kupumulia, humkausha. Majivu hufanya kazi ghalani kwa njia hiyohiyo. Ukilinganisha utupa na chupa tupu, utaona tofauti hata kama utupa wako hauna sumu. Ukilinganisha na unga wa mwembe, kinachobaki ni kazi ya kemikali.

Chupa zikae sehemu moja, kivulini, watoto na kuku wasizifikie. Hesabu waliokufa baada ya siku 1, 2, 3 na 5. Aliyelala chali mguse kwa kijiti. Akisogeza hata mguu mmoja, mhesabu kuwa hai, ila andika pembeni kwamba amelegea. Usiendelee kuhesabu vifo baada ya siku ya 5, kwa kuwa uzee utaanza kukuharibia hesabu.

Hatua ya 4: Kusoma majibu

Jumlisha chupa mbili za kila kundi. Tuseme siku ya 5 chupa za mwembe zilizoanza na fukusi 40 zina 36 hai, na za kichaka chenye kitambaa chekundu zina 6 hai. Toa: 36 kutoa 6 ni 30. Gawanya kwa 36, zidisha kwa 100, unapata kama 83. Asilimia 83 ya fukusi ambao wangebaki hai wameuawa na utupa wenyewe, si vumbi wala bahati. Kichaka hicho ni chako.

Kama chupa za kitambaa cheupe zina hai 33, tofauti na mwembe ni ndogo mno. Karibu kwa hakika ni aina isiyo na rotenoidi. Kichaka kinachoangukia katikati kinaweza kuwa chotara, au majani yake yamekaa juani, au yamevunwa vibaya. Kirudie mara moja kwa majani mapya kabla ya kukihukumu. Na kama chupa tupu zimepoteza zaidi ya fukusi wanane kati ya 40, jaribio zima limeharibika: wadudu walikuwa wazee au chupa zilikuwa na sabuni. Anza upya, haigharimu kitu.

Usimwage kunde bado. Ondoa wadudu wote wakubwa siku hiyo ya 5, hai na wafu, na uache chupa zikae wiki nne. Tazama mbegu kwa karibu: mayai ya fukusi huonekana kama vitone vyeupe vilivyogandishwa kwenye ngozi ya kunde. Baada ya wiki hizo hesabu kunde zenye matundu. Utupa mzuri haukuachii matundu mengi, kwa sababu majike walikufa kabla ya kutaga. Mara nyingi majibu haya ya pili yanashawishi kuliko ya kwanza. Hata asiyejua asilimia anaona kunde zilizotoboka na zisizotoboka. Kunde za jaribio zisiliwe, na kuku wasipewe.

Hatua ya 5: Kutengeneza maji ya kupulizia

Sasa una kichaka unachokiamini. Kiasi kilichotumika katika majaribio ya maharage huko kaskazini mwa Tanzania ni kilo 1 ya unga mkavu kwa lita 10 za maji, yaani asilimia 10, pamoja na sabuni asilimia 0.1. Kilo moja ya unga hutokana na kama kilo 4 za majani mabichi, kwa hiyo usishangae gunia la majani likageuka kibakuli.

Sabuni si ya mapambo. Rotenoidi haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Ukiloweka bila sabuni, nyingi hubaki kwenye makapi utakayoyatupa. Gramu 10 za sabuni ya mche iliyokunwa, au mililita 10 za sabuni ya maji, zinatosha lita 10. Itie mwanzoni, wakati wa kuloweka. Wengi huitia mwishoni, wakidhani kazi yake ni kunata kwenye majani tu.

Funika ndoo, iweke gizani saa 24, koroga mara mbili tatu. Chuja kwa kitambaa kilichosukwa vizuri, tena mara mbili, la sivyo utashinda shambani ukizibua pua ya bomba. Tumia siku hiyohiyo. Maji ya utupa yaliyolala wiki kwenye dumu yanabaki na harufu tu.

Pulizia jioni. Jua limelegea, hivyo kemikali inapata usiku mzima wa kufanya kazi kabla ya mwanga kuivunja, na nyuki wamerudi mizingani. Geuza majani, vidukari wamejificha chini yake. Rudia baada ya siku 7 kama bado wapo, na baada ya mvua kubwa hakuna ujanja, unaanza upya.

Kabla ya shamba zima jaribu kwenye mashina matatu uliyoyawekea alama, na mengine matatu yapulizie maji ya sabuni matupu. Sabuni nayo huua vidukari kiasi, kwa hiyo hapa yenyewe ndiyo inayochukua nafasi ya mwembe.

Mambo ya kutofanya

Usioshe bomba mtoni, wala kwenye mfereji unaoingia bwawa la samaki. Kiasi kidogo mno kinachomfikia samaki kupitia matamvua kinatosha kumuua, na viluwiluwi wa vyura pia. Maji ya kuoshea yamwage shambani, kwenye udongo, mbali na kisima. Na kuvua kwa utupa, hata kama babu alifanya, leo ni kosa la jinai Tanzania na Kenya pia. Sumu haichagui perege mkubwa na kumwacha mtoto wake.

Usijidanganye kwamba kwa sababu ni majani basi ni salama. Shirika la Afya Duniani linaiweka rotenoni kwenye kundi la viuatilifu vyenye hatari ya kati. Mwaka 2000 wanasayansi walionyesha kwamba panya waliopewa rotenoni kwa muda mrefu walipata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, na Umoja wa Ulaya umeiondoa kwenye orodha ya dawa zake za kilimo. Hii haina maana kwamba kupulizia mara mbili kwa msimu kutakulaza kitandani. Ina maana kwamba glavu, mikono mirefu na barakoa havihitaji mjadala. Mjamzito na watoto wasihusike kabisa.

Mimi siipulizii mchicha wala sukuma wiki iliyo karibu kuchumwa. Kwa maharage mabichi nasubiri siku 7 na kuyaosha vizuri. Ghalani natumia unga wa utupa kwa mbegu za kupanda tu, kilo 2 kwa kilo 100. Chakula nakihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambako fukusi hufa kwa kukosa pumzi bila mimi kuongeza kitu.

Na usiwauzie majirani kwenye chupa zenye lebo. Kuuza kiuatilifu kunahitaji usajili wa mamlaka ya viuatilifu ya nchi yako. Kumpa jirani mbegu hakuhitaji.

Kichaka kisicho na sumu, na mbegu za mwaka ujao

Kile cha kitambaa cheupe usikichukie. Mizizi yake inarutubisha udongo kwa naitrojeni kama ndugu zake wote wa jamii ya kunde, na majani yake ni mbolea nzuri ya kufukia. Mahali pake ni mbali na vile vizuri, kwa kuwa aina ile ya tatu ni dalili kwamba hizi mbili huchanganyika. Ukiacha vyote vichanue pamoja, mbegu za mwakani zitakuwa kamari. Mimi nilikihamishia kazi yake kwenye kipande kinachopumzishwa, upande wa pili wa nyumba, na nakipunguza kabla hakijatoa maua.

Mbegu chukua kwa kichaka chekundu peke yake. Maganda yakigeuka kahawia na kuanza kupasuka, yachume kabla hayajazirusha yenyewe. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili au tatu kwa shimo, nafasi ya mita 1, mwanzoni mwa mvua. Usipande pale utakapotaka nyanya baadaye, kwa sababu utupa huzalisha minyoo fundo ya mizizi, na nyanya ndiyo italipa deni. Miche ikifika nusu mwaka ina majani ya kutosha kuchuma kidogo kwa ajili ya jaribio. Ndiyo, jaribio tena: mama akiwa mwekundu, si lazima watoto wote wamfuate. Fukusi vijana wa kutumia nimeshawatenga kwenye chupa ya kwanza, wanasubiri.